Neva imebanwa kiunoni: upimwe kwa mikono, eksirei, CT skani, MRI au kipimo cha umeme?

Kuna watu wengi sana wamekaa na maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni na hawajui waanzie wapi. Mmoja kaambiwa akapige eksirei, mwingine kaambiwa na jirani kwamba eksirei ni kupoteza hela aende moja kwa moja kwenye MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, wa tatu dokta kamgonga magoti na kinyundo, kamnyanyua mguu, kamwambia arudi baada ya wiki kadhaa, na karudi nyumbani kakasirika anaona hajapimwa kitu. Na wote watatu wanaweza kuwa na tatizo lile lile, neva, yaani mshipa wa fahamu, imebanwa pale inapochomoza kwenye uti wa mgongo. Nimeona niviweke vipimo hivi pamoja tuviangalie kimoja kimoja, maana inaniuma kuona mtu anatoa akiba yake yote kwenye kipimo ambacho hakijibu swali lake, na inaniuma zaidi kuona mtu anasubiri wakati alitakiwa awe hospitali usiku huo huo.

Na hilo la mwisho ndo naanza nalo, halisubiri ulinganisho wowote. Ukiwa na maumivu ya kiuno halafu ukaanza kuhisi ganzi sehemu za siri, njia ya haja kubwa na mapajani kwa ndani, yaani ile sehemu yote inayogusa kiti ukipanda baiskeli, au mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila wewe kujua, au choo hakizuiliki, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu, hapo hupangi foleni ya eksirei wala husubiri Jumatatu. Inawezekana fungu zima la neva za chini limebanwa, na zikikaa hivyo muda mrefu mkojo, choo na tendo la ndoa vinaweza visirudi kama zamani. Hapo ni MRI ya dharura, na ikithibitika ni upasuaji wa haraka, madaktari wengi wanalenga ndani ya saa 48 na kadiri inavyowahi ndivyo inavyokuwa bora. Watu wanaona aibu kusema habari za huko chini. Semeni tu jamani, dokta akisikia hilo sentensi moja anabadilisha mpango wote.

Nini hasa kinabanwa

Kiunoni tuna pingili 5, madaktari wanaziita L1 mpaka L5, na chini yake unaanza mfupa wa sakramu ambao sehemu yake ya juu kabisa inaitwa S1. Katikati ya pingili na pingili kuna diski, nje ngumu, ndani ina ute mzito. Uti wa fahamu wenyewe, ule mkubwa unaoshuka kutoka kwenye ubongo, unaishia karibu na L1 au L2, kutoka hapo kushuka chini ni neva zimening'inia pamoja ndani ya mfereji, kila moja inasubiri zamu yake itokee pembeni kwenye tundu lake iende mguuni. Diski ikipasuka ute ukasogea nyuma unakutana na neva, na haibani tu, ule ute wenyewe unaichokoza neva inavimba na kuwaka. Ndo maana kuna mtu diski imechomoka kidogo tu na analia usiku kucha, na mwingine imechomoka kubwa anatembea zake.

Diski nyingi mno zinazochomoka kiunoni ni za kati ya L4 na L5, au kati ya L5 na S1. Kwahiyo neva zinazolalamika mara nyingi ni L5 na S1 (neva nazo zinaitwa kwa majina ya pingili), na hizo ndo zinakupa yale maumivu ya kupita kalioni, nyuma au pembeni ya paja, yakavuka goti mpaka kwenye wayo, yanachoma kama umeme, ukikohoa au kupiga chafya yanaruka. Kwa wenye umri mkubwa mambo huwa tofauti kidogo, mara nyingi mfereji wenyewe umekuwa mwembamba kwa sababu mifupa imeota vinundu na kano za ndani zimenenepa, au pingili moja imeteleza mbele ya mwenzake. Huyo ukimsikiliza atakwambia akitembea umbali fulani miguu inakuwa mizito inauma, akikaa au akiinama mbele anapona, akisimama wima tena tatizo linarudi.

Tutavipima vipimo kwa mambo gani

Kwa kila kipimo naangalia mambo matano. Kinaona nini. Kinakosa nini, au kinakudanganya wapi. Ni wakati gani kinafaa, maana kuna kipimo ukiwahi sana hakioni kitu. Kinakugharimu nini, na hapo nasema mwili, muda na mfuko. Na mwisho kinamfaa nani. Mizani ni moja kwa vyote, hata kile kisicho na mashine.

1. Kupimwa kwa mikono

*Kinaona nini.* Hiki ndo watu wanakidharau na ndo chenye kazi kubwa kuliko vyote, kwa sababu kinaangalia neva inafanya kazi au haifanyi, na kinakwambia ni neva ipi. Dokta au mtaalamu wa fiziotherapia anaanza na maswali, yanaanzia wapi, yanaishia wapi, yanazidi ukikaa au ukitembea, halafu anakulaza chali ananyanyua mguu wako ukiwa umenyooka, taratibu. Kama maumivu yanashuka chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70 hivi, hiyo inaelekeza kwenye neva ya L5 au S1. Ukihisi tu nyama ya nyuma ya paja inavuta, hiyo siyo, wengi hapo ndo wanachanganya. Halafu ananyanyua mguu ule mwingine usiouma. Kama kuinua mguu usiouma kunaleta maumivu kwenye mguu mbovu, hapo dokta makini anatulia kidogo, kwa sababu dalili hiyo haitokei kwa wengi ila ikitokea inaashiria kwa nguvu kwamba diski imechomoka.

Baada ya hapo anashuka miguuni. Anakwambia vuta kidole gumba cha mguu juu, yeye anakisukuma chini na kidole chake. Ukishindwa kumzuia, L5 inashukiwa. Tembea kwa visigino, tembea kwa vidole. Simama mguu mmoja ujiinue kwa vidole mara kadhaa, upande wa S1 mbovu unachoka mapema au haunyanyuki kabisa. Kinyundo kwenye goti kinaipima zaidi L4, kinyundo nyuma ya kifundo cha mguu juu ya kisigino kinaipima S1, na L5 yenyewe haina kinyundo cha kuaminika ndo maana kile kidole gumba ni muhimu hivyo. Ganzi nayo ina ramani yake, muundi upande wa ndani ni L4, juu ya wayo kuelekea kidole gumba ni L5, ukingo wa nje wa wayo ni S1. Yote hayo hayamalizi nusu saa na hayahitaji umeme.

*Kinakosa nini.* Hakikwambii kitu gani kinabana. Diski, kinundu cha mfupa, uvimbe, vyote neva inalia vile vile. Halafu lile la kunyanyua mguu linawakamata karibu wote wenye diski iliyochomoka lakini linawakamata pia na wengi wasio nayo, kwahiyo peke yake halitoshi kukuhukumu. Na kwa mwenye mfereji mwembamba linaweza kuwa safi kabisa, huyo tatizo lake linaonekana akitembea siyo akilala. Kingine, kipimo hiki ni kizuri kadiri mikono inayokipima ilivyo makini. Kama hukuvuliwa hata soksi, bado hujapimwa.

*Wakati wake.* Siku ya kwanza, na kila ukirudi. Faida yake kubwa ni kurudiwa, kwa sababu kidole gumba kilichokuwa na nguvu wiki iliyopita na leo hakina ni habari kubwa kuliko picha yoyote.

*Gharama.* Ndogo kuliko vyote. Mionzi hakuna, sindano hakuna, maumivu kidogo mguu ukinyanyuliwa.

*Kinamfaa nani.* Kila mtu, na hapa sitaki kuzunguka. Vingine vyote vinakuja baada ya hiki, maana hiki ndo kinatengeneza swali ambalo mashine inaenda kulijibu.

2. Eksirei

*Kinaona nini.* Mifupa. Kama pingili imevunjika, imeteleza, imepinda, kama nafasi kati ya pingili imepungua. Ikipigwa ukiwa umesimama, halafu ukiinama mbele na ukijinyoosha nyuma, inaweza kuonyesha pingili inacheza, na hilo hata MRI ya kulala inaweza kulipitisha.

*Kinakosa nini.* Neva haionekani. Diski haionekani, unaona tu nafasi ilipo. Ndo mana mtu anaambiwa eksirei iko safi na bado hawezi kukaa kwenye kiti dakika kumi, na wala hajifanyi. Na upande wa pili, eksirei ikionyesha vinundu na nafasi zimepungua kwa mtu wa miaka 55 hiyo haimaanishi ndo chanzo cha maumivu, watu wengi wa umri huo wanavyo na hawaumwi.

*Wakati wake na gharama.* Inapatikana haraka, ni rahisi kuliko mashine nyingine, ni dakika chache. Ila eksirei ya kiuno ina mionzi mingi kuliko ya kifua, zaidi ya mara kumi, kwahiyo si kitu cha kurudia rudia kila ukisikia maumivu. Mjamzito aseme mapema.

*Kinamfaa nani.* Aliyeanguka au kupata ajali, mzee mwenye mifupa dhaifu, anayetumia dawa za steroidi muda mrefu, anayehisiwa pingili imeteleza. Kwa kijana wa miaka 30 mwenye maumivu yanayoshuka mguuni na hajaanguka popote, mara nyingi haiongezi kitu.

3. CT skani

*Kinaona nini.* CT ni eksirei inayopigwa kuzunguka mwili, kompyuta ikaziunganisha picha. Inaona mfupa kwa undani kabisa, vipande vyake, vinundu vilivyoingia kwenye tundu la neva, ufa mdogo ambao eksirei imeukosa. Diski iliyochomoka nayo inaweza kuonekana, tofauti na watu wanavyodhani, ila si kwa uwazi wa MRI. Kuna aina yake moja ambapo dawa ya rangi inaingizwa kwa sindano kwenye maji yanayozunguka neva, halafu unapigwa CT. Hapo neva zinajichora ndani ya ile rangi na unaona wapi rangi imekatika. Hiyo ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye haruhusiwi kuingia MRI.

*Kinakosa nini.* Neva yenyewe bila ile rangi haionekani vizuri, uvimbe na maambukizi ya mwanzo yanaweza kupita, na kovu la upasuaji wa zamani ni vigumu kulitofautisha na diski mpya.

*Gharama.* Mionzi ni mara kadhaa ya eksirei ya kiuno, hilo ndo deni lake kubwa. Muda ni mfupi sana, dakika chache umemaliza, na mashine iko wazi kuliko ya MRI kwahiyo wenye hofu ya sehemu finyu wanaivumilia. Ile ya kuingiza rangi ina sindano mgongoni na unaweza kuondoka na maumivu ya kichwa ya siku kadhaa.

*Kinamfaa nani.* Wa ajali, mwenye kifaa mwilini kisichoruhusu sumaku, na mtu ambaye daktari wa upasuaji anataka kuona mfupa kwa undani kabla ya kufunga skrubu. Pia mahali ambapo MRI iko mbali na hali haingoji, CT ni bora kuliko kukaa gizani.

4. MRI

*Kinaona nini.* Hapa ndo kila mtu anataka kufika, na kwa haki, maana hakuna kingine kinachoonyesha diski, neva, mafuta yanayoizunguka neva, mfereji na uboho wa mfupa kwa pamoja namna hii. Uvimbe, usaha, TB ya uti wa mgongo, diski iliyochomoka ikakatika kipande, vyote inaviona. Haina mionzi, inatumia sumaku na mawimbi ya redio.

*Kinakosa nini.* Naomba hapa tukae kidogo, maana ndo panaumiza watu wengi. MRI inaona kila kitu, pamoja na vitu visivyokuuma. Mwaka 1994 watafiti Marekani walichapisha kazi ambayo waliwaweka kwenye MRI watu 98 wasio na maumivu ya mgongo, na zaidi ya nusu, 52 kwa mia, walikuwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja, na 27 kwa mia walikuwa na iliyochomoza. Watu wazima wa afya, hawaumwi! Mwaka 2015 ukatoka uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za namna hiyo, ukaonyesha kwamba kwa wasio na maumivu, diski zilizochakaa zinaonekana kwa takriban 37 kwa mia ya wenye miaka 20, na kwa wenye miaka 80 ni 96 kwa mia. Kwahiyo ukipewa ripoti imeandikwa diski ya L4 na L5 imetuna, imegusa utando unaozunguka neva, neva haijabanwa kwa kiasi kikubwa, usikimbilie kusema nimeharibika mgongo. Inawezekana ilikuwepo miaka kumi kabla ya maumivu haya.

Ni sawa na kupiga picha ya nyumba kutoka nje ukitafuta nani anapiga kelele ndani. Picha inakuonyesha milango na madirisha, sauti haipo. Lazima mtu alinganishe ilichosema picha na kilichosema mwili. Kama mwili unasema S1 ya kulia, yaani ukingo wa nje wa wayo una ganzi, kisigino hakinyanyuki, kinyundo cha nyuma ya kifundo hakijibu, na picha inaonyesha diski ya L5 na S1 imechomokea kulia ikaisukuma neva hiyo hiyo, hapo mmepata. Kama picha inaonyesha kushoto na wewe unaumwa kulia, hapo hamjapata, hata ripoti iwe na maneno ya kutisha namna gani.

Kingine, MRI ya kawaida unapigwa ukiwa umelala, na kuna mifereji ambayo inabana ukisimama tu, kwahiyo picha inaweza ikaonyesha tatizo dogo kuliko lilivyo.

*Wakati wake.* Kama hakuna dalili za hatari, miongozo mingi ya tiba haishauri MRI ndani ya wiki 6 za mwanzo, kwa sababu wengi wanapata nafuu ndani ya muda huo na diski nyingi zilizochomoka hunywea zenyewe, na cha ajabu zile kubwa ndo zinanywea zaidi. Picha ya wiki ya kwanza haibadilishi matibabu ila inaweza kukuongezea hofu, na mtu mwenye hofu anaacha kutembea, na kuacha kutembea kunachelewesha kupona. Lakini wiki 6 si sheria ya kumnyima mtu anayezidiwa. Nguvu zikipungua, kipimo hakingoji kalenda.

*Gharama.* Mara nyingi ndo ghali kuliko picha nyingine na foleni yake ndefu. Unalala ndani ya bomba lenye kelele za kugonga, kati ya dakika 20 na 45 hivi, bila kujigeuza, na mwenye neva inayowaka kulala chali muda huo ni mtihani, kwahiyo uliza kuhusu dawa ya maumivu kabla na mto wa kuweka chini ya magoti. Sema kila chuma ulichonacho mwilini, betri ya moyo, klipu za kichwani, kipande cha chuma machoni kama umewahi kufanya kazi ya kuchomelea. Betri nyingi za moyo za siku hizi zinaruhusiwa kwa masharti, ila wao ndo waamue siyo wewe. Dawa ya rangi huongezwa kama umewahi kufanyiwa upasuaji hapo hapo, au wanahisi maambukizi au uvimbe, na mwenye figo mbovu aseme kabla.

*Kinamfaa nani.* Mwenye dalili za hatari, mwenye nguvu zinazopungua, aliyemaliza wiki 6 za matibabu na hali ni ile ile, na yeyote anayeenda kufanyiwa upasuaji au sindano ya mgongoni. Kwa mwenye maumivu ya kiuno tu yasiyoshuka mguuni na hana dalili za hatari, mara nyingi haina jibu la kumpa.

5. Kipimo cha umeme wa neva na misuli, yaani EMG

*Kinaona nini.* Hiki hakipigi picha, kinasikiliza. Sehemu ya kwanza wanakupa vishtuko vidogo vya umeme mguuni wanapima neva inapeleka ujumbe kwa kasi gani. Sehemu ya pili wanaingiza sindano nyembamba kwenye misuli kadhaa ya mguu na ya pembeni ya uti wa mgongo wanasikiliza kama misuli imepoteza mawasiliano na neva yake. Kwa kuangalia misuli ipi imeathirika wanaweza kusema ni mzizi upi wa neva, yaani neva ipi pale inapochomoza kwenye uti wa mgongo, na kama jeraha ni jipya au la zamani.

*Kinakosa nini.* Kama neva inauma na kutia ganzi tu lakini misuli haijaguswa, kipimo kinaweza kuwa safi. Kwahiyo EMG safi haifuti maumivu yako. Na hakisemi nini kinabana.

*Wakati wake.* Ukiwahi sana hakioni, mabadiliko kwenye misuli yanachukua kama wiki 3 kuonekana. Mtu aliyepata tatizo Jumatatu akapimwa Ijumaa anaweza kuambiwa yuko sawa na siyo kweli.

*Gharama.* Vishtuko vinakera, sindano zinauma kiasi, inachukua nusu saa mpaka saa moja. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme. Na wataalamu wake ni wachache kuliko wa picha.

*Kinamfaa nani.* Yule ambaye hadithi haikai sawa. Mwenye kisukari ambaye miguu yote ina ganzi na hajui kama ni kiuno au ni sukari. Mwenye MRI inayoonyesha matatizo sehemu tatu na haijulikani ipi ndo mkosaji.

Nitoe mfano mmoja vizuri kwa sababu hapa ndo tofauti zinaonekana. Mtu anaamka wayo haunyanyuki, anaburuza vidole akitembea. Neva ya L5 inaweza kufanya hivyo, lakini kuna neva inayopita pembeni ya goti kwa nje, chini kidogo ya goti, iko karibu na ngozi kabisa, na ikigandamizwa kwa kukaa miguu imepishanishwa muda mrefu au kwa plasta ngumu ya kufungia mfupa iliyokaza inaleta wayo ule ule. Eksirei ya kiuno haitasema kitu. MRI ya kiuno inaweza kuonyesha diski imetuna L4 na L5, na mtu akaishia mezani kwa upasuaji wa kiuno wakati tatizo liko gotini. Mikono makini inauliza swali dogo tu, geuza wayo kwa ndani nikuzuie, na lala ubavu inua paja pembeni. Kama hivyo viwili vina nguvu, shuku iende gotini, kama vimelegea, shuku irudi kwenye L5. Halafu EMG inathibitisha. Vipimo vitano, na kilichookoa kiuno chake kikawa ni swali la dakika moja.

Kuna na sindano ya ganzi inayowekwa kwenye mzizi mmoja wa neva kwa kuongozwa na mashine ya picha, maumivu yakizima kwa muda wanajua wamegusa penyewe. Hiyo ni ya wakati upasuaji unafikiriwa na bado kuna utata, sio ya kuanzia.

Sasa wewe uko wapi

Una maumivu yanayoshuka mguuni, yameanza juzi au wiki hii, unanyanyua vidole vizuri, mkojo na choo viko sawa, huna homa wala hujapungua uzito, hujawahi kuwa na saratani. Kapimwe kwa mikono na mtu atakayekuvua viatu, pata dawa na mwongozo wa kutembea, rudi baada ya wiki moja au mbili upimwe tena hivyo hivyo. Mashine zisubiri.

Wiki 6 zimepita, umefanya mazoezi na dawa umetumia kwa uaminifu, na bado hulali. MRI ina haki yake hapo. Nenda nayo ikiwa na swali limeandikwa kwenye fomu, upande gani, neva gani inashukiwa, kwa sababu msomaji wa picha akijua anatafuta S1 ya kulia anaandika ripoti yenye msaada zaidi kuliko akiandikiwa tu maumivu ya mgongo.

Nguvu zinapungua, wiki iliyopita ulitembea kwa visigino leo huwezi. MRI ndani ya siku chache na daktari wa upasuaji aone, usihesabu wiki.

Una homa, jasho la usiku, uzito unashuka, una historia ya saratani, kinga yako iko chini, au maumivu hayapungui hata ukilala. Vipimo vya damu na MRI mapema, na eksirei safi isikutulize.

Umeanguka, umepata ajali, au wewe ni mtu mzima mwenye mifupa dhaifu hata kama ulijikwaa kidogo tu. Anza na eksirei, CT ikifuata kama kuna shaka ya kuvunjika, MRI kama neva imeguswa.

Una miaka 65 na kuendelea, ukitembea miguu inakufa, ukikaa unapona. Kwanza wakupapase mapigo ya damu kwenye wayo, maana mishipa ya damu iliyoziba inaleta kitu kinachofanana sana, tofauti ni kwamba mwenye tatizo la damu anapona kwa kusimama tu bila kukaa wala kuinama. Mapigo yakiwa mazuri na maisha yamebanwa kiasi cha kufikiria sindano au upasuaji, MRI, na eksirei ya kusimama iongezwe kuona kama pingili inateleza.

Una betri ya moyo isiyoruhusiwa au kitu kingine kinachozuia sumaku. CT ya kuingiza rangi. Una hofu tu ya sehemu finyu, usiikatae MRI kabla hujauliza kama wana mashine pana au dawa ya kutuliza.

Una ujauzito. Mikono kwanza, na kama hali inalazimisha picha basi MRI bila rangi, siyo eksirei wala CT.

Una kisukari, au picha na mwili havikubaliani, au wayo umelegea na hakuna anayejua kwa nini. EMG baada ya wiki 3.

Na kama tayari una ripoti mkononi yenye maneno mengi, mpelekee aliyekupima kwa mikono akuonyeshe mstari upi unaoana na mguu wako na upi hauhusiki, kabla hujakubali kitu chochote cha kukatwa.